Mantiki Hutaka Mpinzani

Katika programu ya Tarski's World, kazi ya Jon Barwise na John Etchemendy wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwanafunzi huona ubao kama wa sataranji wenye michemraba, piramidi na maumbo ya nyuso 12. Hupewa sentensi, tuseme "kila mchemraba una piramidi nyuma yake", aamue ni kweli au si kweli. Akishikilia kuwa ni kweli, programu huchagua mchemraba mmoja na kumtaka aonyeshe piramidi iliyo nyuma yake. Akiikosa, ameshindwa, na sababu ameiona kwa macho yake. Sentensi ikigeuzwa kuwa "ipo piramidi iliyo nyuma ya kila mchemraba", zamu nazo hugeuka: mwanafunzi huchagua kwanza, na piramidi hiyo moja itabidi itoshe kwa michemraba yote. Sijaona maelezo ya ubaoni yanayoifunua tofauti hii vizuri kiasi hicho.

Watawa wa Kitibeti wa monasteri ya Sera, Lhasa, wangeutambua mchezo huo. Uani mwao mjibuji huketi chini. Mwulizaji husimama, na kila amalizapo swali hupiga kofi na kukanyaga ardhi kwa kishindo. Majibu yanayoruhusiwa ni machache: nakubali, sababu haijathibitika, hailazimu. Lakini kila jibu humfunga aliyelitoa, na alilolikubali mwanzoni laweza kumnasa mwishoni, mbele ya wenzake.

Al-Akhdari wa Algeria alishika njia nyingine. Sullam, mashairi yake ya mantiki ya karne ya 16, wanafunzi wa madrasa waliyahifadhi moyoni, kisha shehe akawafafanulia. Siibezi njia hiyo, kwani aliyehifadhi hubeba kanuni popote aendapo. Ila kuijua kanuni ni jambo moja, na kuitetea mbele ya anayekupinga ni jingine.

Hapo programu imeikaribia Sera zaidi, lakini haijaifikia. Haitoki nje ya ubao wake, wala haimsikii mwanafunzi akijieleza. Hata Grade Grinder, mfumo wa kusahihisha mazoezi kwa intaneti uliofuata, huonyesha kosa bila kutoa jibu, na asiyeelewa anaweza kubahatisha hadi apite.

Walimu wa mantiki mtandaoni, itumieni programu, kisha wapangeni wanafunzi wawili wawili wabishane kwa sauti. Alama ya mwisho itoke huko.