Auni, neno lililokatwa nusu

Mei 1931 Papa Pio XI alitoa waraka Quadragesimo Anno. Italia ilikuwa chini ya Mussolini, na mwezi huohuo serikali yake ikavunja vyama vya vijana Wakatoliki. Ndani ya waraka kuna kanuni ambayo kanisani tunaiita auni: kazi ambayo familia au mtaa unaiweza, wakubwa wasiinyang'anye.

Wahafidhina wa Marekani waliipenda hiyo. Serikali ndogo, mali ya mtu iheshimiwe. Na kweli, Papa Leo XIII alishatetea mali binafsi mwaka 1891 katika Rerum Novarum. Ila humohumo alisema mfanyakazi akikubali ujira usiomlisha kwa sababu ya shida, amedhulumiwa. Hapo wengi waliruka ukurasa.

Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII akaandika Mater et Magistra, yaani Mama na Mwalimu, akizitaka nchi tajiri zisaidie maskini. Gazeti la William Buckley, National Review, likafanya mzaha: mama sawa, mwalimu hapana. Buckley mwenyewe alikuwa Mkatoliki!

Lakini auni maana yake ni msaada, hata kwa Kilatini. Mkubwa asinyang'anye, sawa. Mdogo akishindwa, asikae pembeni. Sisi wa kambini tunazijua pande zote mbili. Bomba la mtaa wetu tungelitengeneza wenyewe, tukaambiwa tungoje fundi wao. Mgao ulipopunguzwa tukaambiwa tujitegemee, na kibali cha kutoka kwenda kutafuta kazi hatukupewa.