Ngitili: Jinsi Shinyanga Ilivyopoteza Miti na Kuirudisha

Mvua za Novemba zilipoanza kushuka Usukumani, mfugaji wa zamani alifunga sehemu ya malisho yake. Hakujenga uzio. Majirani walijua mpaka, na hilo lilitosha. Mifugo haikuingia tena humo. Nyasi zikarefuka, migunga ikachipua katikati yake. Hiyo ndiyo ngitili. Ilifunguliwa Julai au Agosti, majani ya kwingine yakishakwisha, tena kipande kwa kipande, na waliotangulia kuingia ni wenye shida zaidi: ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa, pamoja na maksai waliohitaji nguvu za kuvuta plau mvua zitakaporudi. Humohumo watu walipata kuni, fito, nyasi za kuezekea, dawa na asali.

Waingereza walipotazama vichaka hivyo waliona mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya Charles Swynnerton, na watu kwa maelfu waliitwa kupitia watemi wao kwenda kufyeka pori. Hofu ilikuwa ya kweli, kwa sababu mbung'o alieneza nagana iliyoua ng'ombe na malale iliyoua watu. Lakini pori lililofyekwa halikupewa nafasi ya kurudi. Pamba ilichukua ardhi, na mifugo ikaongezeka. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mpango wa maendeleo ya Usukuma, na amri zake: limeni kwa matuta, punguzeni ng'ombe. Watu walizichukia amri hizo hadi nyingi zikashindikana. Naamini jeraha hilo lilidumu kuliko amri zenyewe. Mkulima alijifunza kwamba bwana shamba akianza kuzungumzia kuhifadhi udongo, mwishoni atagusa zizi lake.

Serikali ya uhuru nayo ilichangia. Operesheni Vijiji, mwaka 1974, iliwatoa watu kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja ili wapate shule, zahanati na maji. Nia ilikuwa njema. Ila ngitili haihamishiki. Ilibaki kule nyuma bila mlinzi, wengine wakachunga humo na wengine wakakata miti. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hesabu zilizowekwa zilionyesha takriban hekta 600 tu za ngitili katika mkoa mzima. Akina mama walipikia samadi kavu na mabua ya pamba, vitu ambavyo shamba lilivihitaji.

Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984 alishtushwa na ukame wa nchi ile. Mkoa ulikuwa umeanza kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukazaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baadaye ulipata fedha za Norway na wataalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Mwanzoni mradi ulifanya kama miradi mingine: vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Kisha wataalamu wakaanza kuwauliza wazee, na wazee wakataja ngitili. Visiki na mizizi ilikuwa bado hai chini ya udongo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuiacha ichipue.

Hapa ndipo sera ilipokuwa msaada wa kweli, kwa kuwa iliziachia kazi taasisi ambazo watu walikuwa wakizitii tayari. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, lilijadili mipaka na faini. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walilinda. Halmashauri za vijiji zikaandika sheria ndogo, na mtu aliyeswaga ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa akajua atakayekutana naye. Ngitili za kaya mara nyingi zilikuwa za hekta chache. Za kijiji ziliweza kufika mamia. Miaka ya 2000 ilipoanza, zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sheria za nchi nazo zilisogea. Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilitambua kwamba kijiji kinaweza kumiliki na kusimamia msitu wake. Lakini kati ya sheria na shamba kuna safari ndefu. Kaya inayotaka hati ya hakimiliki ya kimila hungoja kwanza kijiji kipimwe na kupata cheti chake. Wapo waliosita kuacha ngitili ishamiri, wakihofu kwamba ikifanana na msitu serikali itaitwaa. Tena kuna geti la ukaguzi wa mazao ya misitu barabarani. ICRAF ilionyesha kwamba mkulima anaweza kupanda miti pamoja na mahindi, akavuna mahindi kwa misimu miwili mitatu ya kwanza huku miti ikikua, na baadaye akavuna kuni na nguzo. Gunia la mahindi hulipakia na kwenda nalo sokoni. Akitaka kusafirisha mbao au mkaa, lazima apite ofisi ya misitu kutafuta kibali na hati ya kusafirishia. Kanuni hizo zimewekwa ili kumzuia mwizi wa msituni, lakini zinamkuta pia aliyepanda miti kwa mkono wake.

HASHI ilifungwa mwaka 2004. Ngitili nyingi zilibaki, kwa sababu walinzi wake hawakuwa waajiriwa wa mradi. Sasa zinabanwa na urithi, maana ardhi ya baba mmoja inagawanywa kwa watoto wengi. Penye mpaka ulioandikwa, mrithi ana kitu cha kuonyesha. Pasipoandikwa, jirani mwenye plau analima pembeni msimu huu, anasogea msimu ujao, na halmashauri ya kijiji haina karatasi ya kumzuia nayo.