Reli ya kaunti tatu: nani huketi bodini?

Reli ikipita kaunti kadhaa, bodi yake huundwaje? Tutazame Caltrain, treni ya abiria ya California, Marekani, iendayo kati ya San Francisco na San Jose.

Mwaka 1991 kaunti za San Francisco, San Mateo na Santa Clara ziliungana kuinunua njia hiyo kutoka kampuni ya Southern Pacific. Bodi ina wajumbe 9, watatu kila kaunti, ingawa idadi ya watu haifanani. Wa San Francisco, mmoja huteuliwa na meya, mmoja na madiwani, mmoja na bodi ya usafiri ya jiji.

Viti vilikuwa sawa, usukani haukuwa. Shirika la usafiri la San Mateo lilitanguliza fedha za ununuzi, likapewa uendeshaji. Wenzake wakanung'unika, na mwaka 2020 mvutano huo nusura ukwamishe kura ya kodi ya kuiokoa treni. Mwaka 2022 wakaafikiana: shirika lirudishiwe fedha zake, na Caltrain iwe na mkurugenzi wake, anayewajibika kwa bodi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kaunti zetu sita za Pwani zikitaka kushirikiana jambo, ziandike mapema nani atoa na nani aendesha.