Mchochota wa Njia za Hewa

Mgonjwa wa pumu akiambiwa njia zake za hewa zina "uvimbe", huenda akarudi nyumbani na hofu ya saratani. Neno hilo tumelizoea kwa uvimbe wa titi na uvimbe wa kizazi, vitu vyenye umbo na mpaka. Ndani ya mapafu yake hakuna nundu. Utando umewiva, umejaa majimaji na chembe za kinga, unatoa makohozi ya kunata. Hali hiyo naiita mchochota.

Mchochota si kubanwa. Spirometa, kifaa cha kupima pumzi, hupima kubanwa tu, na misuli ya njia za hewa inaweza kujikaza ilhali utando umetulia. Katika pumu kali, isiyotulia hata kwa dozi kubwa za steroidi ya kuvuta, kuongeza dozi bila kupima mchochota ni kubahatisha.

Kipimo cha makohozi ndicho kinachosema wazi zaidi. Mgonjwa huvutishwa mvuke wa maji ya chumvi, akakohoa, kisha maabara ikahesabu eosinofili, chembe nyeupe zinazonywa rangi nyekundu ya eosini. Zikifika 3% ya chembe zilizohesabiwa, mchochota wa aina hiyo upo. Huko Leicester, Uingereza, wagonjwa 74 waligawanywa makundi mawili. Waliorekebishiwa dawa kwa kufuata hesabu hiyo walizidiwa mara 35 katika mwaka mmoja; waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, mara 109. Matokeo yalichapishwa 2002, lakini hospitali nyingi bado hazina fundi wa kazi hiyo.

Nyepesi zaidi ni kupima nitriki oksidi ya pumzi (si nitrasi oksidi, ile gesi ya kuchekesha). Utando wenye mchochota huitoa kwa wingi. Mtu hupuliza taratibu, mililita 50 kwa sekunde. Kwa mtu mzima, chini ya sehemu 25 kwa bilioni ni kidogo, zaidi ya 50 ni nyingi. Sigara hushusha kipimo. Mboga zenye naitreti nyingi hukipandisha.

Eosinofili za damu ni rahisi kuhesabu popote penye maabara ya kawaida. Ila minyoo na kichocho huzipandisha pia, kwa hiyo mvuvi mwenye pumu wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria chenye kichocho, apimwe choo kabla hesabu hiyo haijahusishwa na mapafu yake.