Gari la Kushirikiana na Ardhi ya Jiji: Mafunzo kutoka Uswisi, Bremen na Paris

Mwaka 1948, wakazi kadhaa wa Zürich walianzisha Sefage, ushirika wa kumiliki magari kwa pamoja, kwa kuwa kununua gari kulikuwa nje ya uwezo wa mtu mmoja mmoja. Leo mambo yamegeuka: katika miji mingi wanaomudu kununua ni wengi, nafasi ya kuyaweka magari yao ndiyo haba. Makala hii inatetea hoja kwamba gari la kushirikiana linaweza kuchukua nafasi ya gari la binafsi iwapo masharti mawili yatatimizwa: jiji lilitengee mahali pa kuegeshwa, na gari lenyewe lihudumie safari ambazo usafiri wa umma hauzifikii.

Msingi wa hoja ni gharama. Mwenye gari hulipa sehemu kubwa kabla hajawasha injini: bei ya kununulia, bima, kodi, uchakavu. Akishalipa hayo, safari ya mtaa wa pili anaiona kuwa ni ya mafuta kidogo tu, kwa hiyo anaendesha hata pale ambapo miguu ingetosha. Wakati huohuo, kama alivyoeleza Donald Shoup katika *The High Cost of Free Parking* (2005), gari hukaa limeegeshwa kwa takriban asilimia 95 ya muda wake. Anayeshiriki gari na wenzake huletewa gharama yote katika kila safari, naye hupima kama safari hiyo inastahili.

Uswisi imeujengea utaratibu huo taasisi. Mobility ilizaliwa mwaka 1997 kwa kuunganishwa vyama viwili vya ushirika vilivyoanzishwa mwaka 1987. Mtumiaji huweka nafasi mapema, hufungua mlango kwa kadi au simu, hutozwa kwa saa na kwa kilomita, mafuta yakiwa ndani ya bei hiyo, na kwa kawaida hulirudisha gari pale alipolichukua. Magari mengi hukaa karibu na stesheni za reli. Treni humaliza sehemu ndefu ya safari, gari humfikisha msafiri kijijini ambako treni haiendi.

Bremen, Ujerumani, ilianzia kwenye barabara zenyewe. Tangu mwaka 2003 jiji hilo limejenga vituo viitwavyo mobil.punkt, ambapo magari ya kushirikiana hukaa pamoja na maegesho ya baiskeli. Katika mitaa myembamba vituo vidogo huwekwa kwenye kona, na ukingo wa njia ya miguu hupanuliwa ili mtu asiegeshe kiholela. Matokeo yake gari la zimamoto na lile la taka hupata pa kukata kona, na hata mkazi asiyeendesha gari huona faida. Mwaka 2009 jiji lilijiwekea lengo la watumiaji 20,000 kufikia mwaka 2020. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2017 nayo iliweka msingi wa kutenga maegesho ya umma kwa ajili ya magari hayo.

Paris inaonyesha kwamba ardhi pekee haitoshi. Autolib', iliyozinduliwa mwaka 2011, ilipewa vituo vyenye chaji ya umeme kila upande wa jiji. Lakini gari lilichukuliwa kituo hiki na kuachwa kile, kwa safari fupi ambazo metro, basi na teksi tayari zilizihudumia. Malalamiko ya uchafu wa magari yaliongezeka, hasara ikalimbikizana, na mwaka 2018 mkataba ukavunjwa. Hivyo wanaohofia kwamba huduma hii huwatoa watu kwenye basi wana hoja, lakini hoja hiyo inahusu namna ya kuipanga huduma, haiubomoi msingi wake.

Kwa Dar es Salaam na Nairobi, somo hili limekuja kwa wakati. Familia nyingi hununua gari kwa ajili ya msiba wa mbali, mgonjwa wa usiku au shamba la mwisho wa wiki. Likishanunuliwa, huingia foleni ya kila asubuhi. Mtaji wa kijamii upo: SACCO zimezoea kukusanya fedha za wengi na kuzisimamia, na Kenya imewataka wenye matatu kufanya kazi chini ya vyombo vya aina hiyo. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yamempa mkazi wa Kimara njia ya kufika mjini bila gari. Kinachokosekana ni uamuzi wa mamlaka. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini wa Tanzania, na halmashauri za jiji zitenge nafasi karibu na vituo vikuu vya mwendokasi, zizikabidhi kwa vyama vya ushirika kwa mkataba wa wazi, na zidai magari yarudishwe palepale. Uamuzi huo ufanywe sasa, kabla nafasi hizo hazijajaa magari ya mtu mmoja mmoja, kwa maana kumnyang'anya mtu maegesho aliyoyazoea ni kazi ngumu kuliko kuyapanga mapema.