Maharage ya kutambaa

Maharage ya kutambaa ni aina za maharage ya kawaida (*Phaseolus vulgaris*) zenye shina refu linalohitaji mti wa kujizungushia. Ncha changa hupapasa hewani hadi iguse mti, kisha hujisokota kuelekea juu kinyume cha mwendo wa saa, ukiitazama kutoka juu.

Uenezi. Hustawi hasa kwenye nyanda za juu zenye baridi: Kivu, Rwanda na Kisoro nchini Uganda. Nchini Rwanda yalienea sana kuanzia miaka ya 1980. 

Kilimo cha bustanini. Miti ya mita 2 au zaidi husimikwa imara kabla mimea haijaanza kutambaa. Mitatu au minne yaweza kufungwa pamoja kileleni ili isiangushwe na upepo. Mianzi, matete makavu na matawi ya mkaratusi hufaa. Kukata miti ya miombo kwa kazi hii, ambayo tayari hukatwa kwa makaa, huzidisha uharibifu wa msitu.

Faida na kasoro. Katika eneo dogo hutoa mavuno mengi kuliko maharage mafupi, na maganda hayagusi udongo wala kuoza upesi. Hata hivyo hukomaa polepole, huchumwa kwa awamu, na upatikanaji wa miti ndio kikwazo kikuu. Miti yenye mabaki ya ugonjwa haifai kurudiwa msimu unaofuata.