Mbuzi Wakakamaao wa Tennessee

Huko Mogogosiek, Kenya, ambako chai, tangu ilipoanza kupandwa na makampuni katika nchi ya Kericho miaka ya 1920, imekula sehemu kubwa ya ardhi ya malisho ya Wakipsigis, na ambako mbuzi, aliyekuwa na nafasi yake katika mahari pamoja na ng'ombe, sasa hufungwa kamba asije akaruka ua na kuvamia mahindi ya jirani, msomaji huenda akapendezwa na habari za mbuzi wa mbali ambao kilema chao ndicho kilichowapatia thamani.

Asili ya habari hiyo ni Marshall County, jimbo la Tennessee, Marekani, ambako katika miaka ya 1880 alifika mtu aitwaye John Tinsley, asemekanaye kuwa alitoka Nova Scotia, akiwa na mbuzi wanne, majike watatu na beberu mmoja, ambao wakishtushwa ghafla hukakamaa miguu na aghalabu huanguka ubavu. Tinsley hakukaa, aliwauza kwa tabibu H. H. Mayberry, akaenda zake, wala asili yao haikupata kujulikana kwa yakini. Majirani waliwapenda, na si kwa kichekesho tu (ingawa kichekesho kilikuwapo), bali kwa kuwa mbuzi huyo ana minofu tele mapajani na hashindani na ua.

Atazamaye hudhani wamezimia, kumbe fahamu haziwatoki hata kidogo. Mwaka 1939 watafiti Brown na Harvey walidhihirisha kwamba ila imo katika msuli wenyewe, wala si katika neva: msuli ukishajikaza hukawia kulegea. Sababu, iliyojulikana baadaye, ni kwamba njia ipitishayo kloraidi katika utando wake ina hitilafu ya kurithiwa, hitilafu ambayo jeni yake ilibainishwa mwaka 1996. Binadamu nao wana maradhi ya namna hiyo, na aliyeyaeleza mwaka 1876, Julius Thomsen, tabibu wa Denmark, alikuwa nayo yeye mwenyewe na jamaa zake.

Mfugaji wa kale wa Kipsigis, mwenye chui na fisi wa kuhadhari, asingemwachia mwanambuzi wa hulka hiyo hata akazaa, na insafu yatulazimu kukiri kwamba angefanya sawa. Kwa rai yangu, hata leo, wakati mbwa wakorofi wangalipo vijijini, Mogogosiek haina haja ya kuwaagiza mbuzi hao. Kamba imara na ua wa miti vyatosha.